Fundi wa mtaani, kampuni ya karo za kisasa au mkandarasi wa CRB: nani umpe kazi ya shimo la majitaka?

Ukijenga nyumba Dar es Salaam mbali na mtandao wa majitaka wa DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji), na sehemu kubwa ya jiji iko mbali nao, choo chako kitaishia kwenye shimo lako mwenyewe. Ukisema tu kwamba unatafuta mtu wa kulijenga, watakuja watu wa aina tatu: fundi wa mtaani aliyeletwa na jirani, kijana wa kampuni mwenye kipeperushi cha "karo lisilojaa", na mkandarasi mwenye cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Bei zao hazitafanana, na kila mmoja atakuwa na maelezo yake mazuri.

Hapa tunawalinganisha kwa mambo mawili: mtu anapima nini kabla ya kuchimba, na anakuonyesha nini kabla ya kufukia. Yaliyo katikati ni tofali, saruji na bomba, ambayo unaweza kuyahesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, unanunua nini?

"Shimo la choo" ni jina moja linalobeba vitu viwili. Cha kwanza ni shimo la duara lililojengwa kwa tofali zilizoachiwa matundu, chini halina jamvi (sakafu ya zege), na kila kitu kinaingia humo: kinyesi, maji ya kuogea, maji ya kufulia. Udongo hunywa maji, tope hubaki. Cha pili ni mfumo wa sehemu mbili. Kuna karo lisilovuja, ambamo vizito vinazama chini na mafuta na mapovu yanaelea juu, halafu maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kunywea, ambalo mafundi wengi huliita sokawei.

Kile cha kwanza ni rahisi kujenga, lakini tope huziba kuta mapema kwa sababu hakuna kilicholizuia kufika hapo. Masika yakiingia, maji ya ardhini nayo hupita kwenye matundu yale yale kuingia ndani. Ndiyo maana zipo nyumba zinazoita gari la majitaka kila mwaka kati ya Machi na Mei, na ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha baadhi ya watu hutapisha vyoo na kinyesi kikapita milangoni kwa majirani.

Kwa hiyo kwenye makubaliano usiandike "shimo". Andika "karo la vyumba viwili lisilovuja, pamoja na shimo la kunywea". Fundi akikupa bei ya cha kwanza huku wewe unawaza cha pili, hakuna aliyedanganya, ila ugomvi utakuwepo.

Watatu hao wakiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Fundi wa mtaani | Kampuni ya karo za kisasa | Mkandarasi wa CRB |
|---|---|---|---|
| Anauza nini | Nguvu kazi. Vifaa unanunua wewe | Mfumo mzima, kutoka kuchimba hadi kufukia | Kazi nzima kwa mkataba na michoro |
| Anavyotaja bei | Kuchimba kwa futi, kujenga kwa mapatano | Bei moja kwa ukubwa wa familia | Orodha ya vipimo na bei ya kila kipengele |
| Anapokosea zaidi | Kina kirefu mno, jamvi halipo, plasta moja | Karo dogo, maji yanayotoka hayana pa kwenda | Anampa mtu mwingine kazi na kuonekana mara mbili tu |
| Unachomshikia | Malipo ya hatua kwa hatua | Dhamana ya maandishi | Mkataba, usajili, fedha zilizozuiwa |
| Anafaa wapi | Nyumba ya familia moja, udongo unaokunywa maji, mwenye nyumba yupo | Kiwanja kidogo, haraka, mwenye nyumba yuko mbali | Nyumba za kupangisha, ghorofa, eneo lenye maji ya ardhini karibu |

Fundi wa mtaani na tatizo la futi

Wachimbaji wengi hulipwa kwa futi za kwenda chini. Hapo ndipo kasoro inapoanzia, hata kama mchimbaji ni mwaminifu kabisa. Anayelipwa kwa futi anafaidika shimo likiwa refu na jembamba. Wewe unahitaji eneo la kuta zinazokunywa maji, na unahitaji sakafu ya shimo la kunywea ibaki angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa masika. Kwenye maeneo ya chini kama Msasani, Mikocheni au kandokando ya Bonde la Msimbazi, futi 15 zinaweza kukufikisha kwenye maji yenyewe. Shimo linalofika kwenye maji haliwezi kunywa maji, na linachafua visima vya mtaa.

Suluhisho ni kubadilisha kipimo cha malipo: mlipe kwa ujazo wa udongo uliotoka, au kwa kazi nzima yenye vipimo vilivyoandikwa. Akikuambia "kadiri tunavyokwenda chini ndivyo linavyochelewa kujaa", mwulize maji ya kisima cha jirani huwa futi ngapi kwenda chini mwezi wa nne. Anayejua mtaa atakujibu papo hapo. Asiyejua, muende mkaulize wote wawili kabla jembe halijagusa ardhi.

Upande wa ujenzi, fundi mwashi mzuri wa mtaani anajenga karo zuri kuliko kampuni nyingi, mradi apewe vipimo na asimamiwe. Cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) kinasaidia, na VETA huwapima pia mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa na kuwapa vyeti. Kwa hiyo kukosa shule si kisingizio tena. Lakini cheti cha uashi hakimaanishi anajua majitaka. Mwulize bomba la kutolea maji linakaa chini ya bomba la kuingizia kwa kiasi gani. Jibu ni sentimita 5 hadi 7.5. Akisema "yanalingana tu", choo chako kitarudisha maji.

Na usalama: shimo la zaidi ya mita 1.5 kwenye mchanga linabomoka bila kutoa taarifa. Fundi anayerundika kifusi ukingoni kabisa mwa shimo anahatarisha maisha ya wachimbaji wake. Huyo mwache, hata kama bei yake ni nusu.

Kampuni na neno "halijai"

Kampuni hizi huuza vitu vya namna mbili. Moja ni biodaijesta: chumba kidogo cha tofali au zege, kimefunikwa kabisa, bakteria wanameng'enya kinyesi humo. Nyingine ni tanki la plastiki linalozikwa. Zote mbili zinafanya kazi. Tatizo liko kwenye ahadi.

Bakteria wanapunguza tope, hawalimalizi. Mchanga unaotoka miguuni bafuni, nyuzi za nguo, pamba, taulo za kike, majivu na mabaki yasiyomeng'enyeka vinabaki chini mwaka hadi mwaka. Kitu chochote cha namna hii kitahitaji kunyonywa siku moja. Kwa karo la kawaida ni kila baada ya miaka 2 hadi 5; kwa biodaijesta iliyotumika vizuri muda unaweza kurefuka. Anayekuambia "hutapakua maisha yako yote" muombe aiandike sentensi hiyo kwenye dhamana na aitie saini. Uso wake utakupa jibu.

Kubwa zaidi ni maji. Nyumba ya watu 8 inayotumia lita 100 kwa mtu inaingiza lita 800 kwa siku, na karo likishajaa mara ya kwanza, zinatoka lita 800 vilevile. Hakuna bakteria anayekunywa maji. Ukisoma kipeperushi, picha ya karo itakuwa kubwa na nzuri, na bomba la kutokea limechorwa likiishia kwenye majani ya kijani. Uliza hayo majani ni nini kwenye kiwanja chako: mfereji wa mita ngapi, wenye kokoto za ukubwa gani, umbali gani kutoka kwenye msingi? Kampuni inayojua kazi itakuwa imeshakuja na jibu. Isiyojua itakuambia maji hayo "yametibiwa, unaweza kumwagilia mboga". Maji yanayotoka kwenye karo bado yana vimelea vya magonjwa. Usimwagilie mchicha wala matembele kwa maji hayo.

Tanki la plastiki lina mambo yake mawili ya kuuliza. La kwanza: je, limetengenezwa kwa ajili ya kuzikwa? Tanki la maji la kuweka juu ya mnara lina kuta za kubeba maji yanayosukuma kutoka ndani, si udongo unaosukuma kutoka nje. Likizikwa, siku litakaponyonywa litajikunja. La kuzikwa lina mbavu nene kuzunguka na wakati wa kufukia hujazwa maji hatua kwa hatua, sentimita 30 za maji ndani kwa sentimita 30 za mchanga nje. La pili: limefungwaje chini? Tanki la lita 3,000 likinyonywa likawa tupu huku maji ya ardhini yamelizunguka, linasukumwa juu na nguvu inayokaribia tani 3. Plastiki yenyewe haina uzito wa kushindana na hilo. Lazima kuwe na jamvi la zege chini na mikanda ya kulishikilia. Kampuni iliyoweka mchanga tu chini ya tanki, Mikocheni, katikati ya masika, imekuuzia mtumbwi.

Mkandarasi aliyesajiliwa

Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya 1997 ndiyo inayoipa CRB mamlaka. Makandarasi wa majengo wamepangwa kwenye madaraja, la I juu kabisa na la VII chini, kila moja likiwa na ukomo wa thamani ya kazi. Kwa karo la nyumba moja, mkandarasi wa daraja la VII anatosha na kubaki. Usitosheke na cheti kilichobandikwa ofisini. Jina la kampuni liangalie kwenye orodha ya bodi, uone kama usajili uko hai mwaka huu. Wasomaji wa Kenya wana zoezi hilo hilo kwa NCA (mamlaka ya ujenzi ya taifa huko), ambako madaraja yanakwenda hadi la 8.

Unacholipia kwa mkandarasi ni mtu wa kushtakiwa, yaani kampuni yenye anwani, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na bodi inayoweza kuifungia. Kazi ya mikono mara nyingi itafanywa na fundi yule yule wa mtaani ambaye ungeweza kumpata mwenyewe. Kwa hiyo swali la kumwuliza mkandarasi ni nani atakuwa kiwanjani siku ya kumwaga jamvi na siku ya kupima uvujaji. Jina la mtu huyo liandikwe kwenye mkataba. Kwa nyumba ya familia moja, tofauti ya bei mara nyingi haina maana kama wewe mwenyewe unaweza kuwepo siku hizo mbili. Kwa nyumba ya wapangaji 20, au kama unajenga ukiwa Muscat au Minneapolis na unatuma fedha, tofauti hiyo ni bima, ilipe.

Swali linalowachuja wote: anapima udongo?

Mtu akitaja bei ya mwisho kwa simu, kabla ya kuona kiwanja, ametaja bei ya karo. Shimo la kunywea hajui litakuwaje, maana hilo linaamuliwa na udongo.

Kipimo chenyewe hakina ufundi mkubwa. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 hadi kina ambacho maji yatakuwa yakinywewa. Kijaze maji, kiache kilale usiku mmoja ili udongo ushibe. Kesho yake jaza tena sentimita 30, chomeka rula au kijiti chenye alama, soma baada ya dakika 30 na tena baada ya dakika 90. Fanya kwenye sehemu mbili au tatu za kiwanja, kwa sababu hata kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinaweza kuwa na kifusi upande mmoja na mfinyanzi upande mwingine. Kanuni ya siku nyingi inasema kama maji hayashuki hata sentimita 2.5 kwa saa, mahali hapo hapafai kwa shimo la kunywea.

Majitaka hunywewa polepole zaidi kuliko maji safi, maana utando wa bakteria hujijenga kwenye kuta. Viwango vinavyotumika kupanga ni takriban lita 50 kwa mita moja ya mraba kwa siku kwenye mchanga, 25 kwenye tifutifu, na 10 kwenye mfinyanzi usiopasuka. Sasa weka lita 800 za familia yetu:

Mchanga unahitaji mita za mraba 16. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.5 na kina cha mita 2.5 chini ya bomba lina kuta za karibu mita za mraba 12. Kwa hiyo mashimo mawili.

Tifutifu inahitaji 32. Mashimo matatu.

Mfinyanzi unahitaji 80. Hayo ni mashimo saba, na hakuna atakayeyachimba. Hapo inakuja mifereji: mita 40 za mfereji wenye kokoto, ukihesabu mita moja ya kina kila upande. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 chenye nyumba, mita 40 ni shida kuzipata. Fundi mkweli atakuambia hivyo na kukushauri upunguze maji: maji ya kufulia yaende kwenye mfereji wake, vyoo viwe vya kuvuta lita 6 badala ya 9 au 12, na bomba linalovuja lirekebishwe. Asiye mkweli atachimba shimo moja, atalipwa, na ataacha kupokea simu.

Umbali nao upimwe kwa futikamba siku hiyo hiyo. Kutoka shimo la kunywea hadi kisima chochote, chako au cha jirani, pasipungue mita 30. Hadi msingi wa nyumba, mita 3. Na maji ya mvua ya paa yasiingie kwenye mfumo huu kabisa, hata kama fundi anasema "yatasaidia kusafisha".

Hesabu ya vifaa, ili usidanganywe juu wala chini

Karo la watu 8: maji ya siku moja ni lita 800. Tope hujikusanya takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni lita 960. Jumla 1,760. Ongeza wageni, misiba na sikukuu, jenga lita 3,000. Kwa vipimo vya ndani: upana mita 1, urefu wa vyumba vyote viwili mita 2, kina cha maji mita 1.5, na sentimita 30 za hewa juu. Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili ya urefu, cha pili theluthi moja.

Kwa karo hilo, kuta na ukuta wa katikati ni karibu mita za mraba 14. Tofali za inchi 6 zinakwenda kama 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo 140, nunua 150. Jamvi la chini la sentimita 15 na mfuniko wa sentimita 12 vinakula karibu mita 1 ya ujazo ya zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), yaani mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50. Kujengea na kupiga plasta mara mbili kwa ndani kunakula mingine 5 hadi 7. Jumla ni mifuko 12 hadi 14, nondo 4 za mm 10 au 12 kwa mfuniko, na bomba la inchi 4 lenye T mbili. Shimo la kunywea liko nje ya hesabu hii.

Mtu akikuandikia mifuko 30 kwa karo hili, mingine inakwenda kujenga kwake. Akikuandikia 7 ujue jamvi au plasta havipo, na karo litavuja. Ulizia pia tofali: mfuko mmoja unaotoa tofali 25 hadi 30 za inchi 6 unatoa tofali imara. Zikifika 45, zitavunjika mikononi kabla hazijaona maji.

T mbili ndizo sehemu ya bei ndogo inayosahaulika kuliko zote. Ya kuingilia inashusha kinyesi chini kisichafue utando wa juu. Ya kutokea inashuka karibu sentimita 60 ndani ya maji, ili ichote maji ya katikati na kuacha mafuta yakielea. Bila T ya kutokea, mafuta yanakwenda moja kwa moja kuziba shimo la kunywea, na shimo lililopaswa kudumu miaka mingi linakufa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Juu ya kila T lazima kuwe na mfuniko unaofunguka. Ukiona slabu nzima imefungwa haina hata mlango mmoja, siku ya kunyonya itapigwa nyundo.

Bomba kutoka nyumbani lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, na kila kona iwe na chemba (kishimo chenye mfuniko cha kukagua na kuzibua bomba). Kona ya nyuzi 90 iliyozikwa bila chemba ndiyo mahali pa kwanza patakapoziba.

Siku mbili za kuwepo, na namna ya kulipa

Siku ya kwanza ni ya jamvi: uone zege, unene wake, na kwamba halijamwagwa juu ya matope. Siku ya pili ni ya kupima uvujaji. Plasta ikikaa siku 7 ikimwagiwa maji, karo lijazwe hadi usawa wa bomba la kutokea, liachwe saa 24 ili kuta zishibe, lijazwe tena, kisha liangaliwe baada ya saa 24 nyingine. Maji yakishuka, fundi atafute ufa kabla ya kuweka mfuniko. Hapo ndipo watu watatu wetu wanatofautiana waziwazi: fundi mzoefu atakubali akiona unamaanisha, kampuni nzuri hufanya bila kuombwa, mkandarasi anapaswa kuwa nayo kwenye mkataba. Anayekataa jaribio hili anakuomba ununue kitu ambacho hataki ukione.

Malipo ya nguvu kazi yafuate kazi: asilimia 20 shimo likichimbwa na kupimwa, 30 jamvi na kuta zikisimama, 30 jaribio la maji likifaulu, 10 baada ya kufukia. Asilimia 10 ya mwisho ikae kwako hadi masika moja yapite. Fundi wa mtaani atalalamika kuhusu hii ya mwisho, na ana haki ya kulalamika, maana anaishi kwa siku. Mnaweza kukubaliana ikabaki kwa mjumbe au kuandikwa mbele ya serikali ya mtaa. Kampuni isiyotaka kuacha asilimia 10, lakini inakupa dhamana ya miaka 5 kwa maneno, imeshakujibu.

Ukarabati: hapa wanapotofautiana zaidi

Karo la zamani likianza kurudisha maji, wa kwanza kuitwa huwa gari la majitaka. Dereva anafungua mfuniko, anachungulia, anasema "limejaa". Karo zima linalofanya kazi vizuri limejaa maji kila siku, hadi usawa wa bomba la kutokea. Hivyo ndivyo linavyofanya kazi. Cha kuangalia ni kama maji yako juu ya bomba hilo, na tope ni nene kiasi gani.

Chukua mti mrefu, uzungushie kitambaa cheupe, uzamishe hadi chini, uache dakika chache, uutoe. Sehemu iliyochafuka nyeusi ni tope. Tope na utando wa juu kwa pamoja vikifika theluthi moja ya kina, nyonya.

Maji ya nyumbani yanarudi lakini karo liko kwenye usawa wake wa kawaida? Kizuizi kiko kwenye bomba au T ya kuingilia, na hiyo ni kazi ya fundi bomba, nusu siku, si gari. Maji yako juu ya bomba la kutokea? Shimo la kunywea limeziba au limezidiwa. Gari litakupa nafuu ya wiki chache tu, na karo litajaa tena. Karo limejaa tena siku mbili baada ya kunyonywa, na nyumbani hakuna mgeni? Zima bomba zote usiku, soma mita ya maji, soma tena asubuhi. Ikisogea, kuna choo kinachovuja kimya kimya. Rangi kidogo ya chakula ndani ya tanki la choo itakuonyesha ni kipi. Isiposogea na ni masika, maji ya ardhini yanaingia kwenye karo kupitia ufa.

Kwa ukarabati, basi, mpangilio wa watatu wetu unageuka. Kampuni nyingi zitakushauri ufukie la zamani na kununua jipya, kwa sababu ndicho wanachouza. Mkandarasi hatapenda kazi ndogo. Fundi wa mtaani mwenye subira, anayefungua chemba moja moja kuanzia nyumbani na kuuliza maswali hayo kabla ya kutaja bei, ndiye wa kuitwa. Anayekuja na chepe mkononi akisema "tuchimbe lingine" hajachunguza kitu. Na anayekuuzia unga au dawa ya "kula kinyesi" badala ya kunyonya anakuchelewesha. Dawa haziondoi mchanga wala hazizibui kuta za shimo lililoziba.

Ukiita gari, uliza ujazo wake na ulinganishe na karo lako, maana mnalipana kwa tripu. Uliza pia linamwaga wapi. Kuna mabwawa ya Vingunguti kwa kazi hiyo. Asiyetaka kusema huenda anamwaga mtoni. Baada ya kunyonya, acha tope kidogo chini, na kama tanki ni la plastiki, lijaze maji siku hiyo hiyo.

Fundi wa aina yoyote akivua viatu na kutaka kuingia ndani ya karo lililotumika ili kuzibua, mzuie, hata kama amefanya hivyo mara kumi. Gesi iliyomo ndani huua kwa dakika chache, na anayeruka kumwokoa hufa naye. Kazi ya ndani inafanywa kutoka juu, au karo lililonyonywa linaachwa wazi, linapulizwa hewa, na anayeingia anafungwa kamba inayoshikwa na watu wawili walio nje.